Kwenda Geita Kumtafuta Aliyeirusha Ndege Yetu Kwanza

Niliondoka Ibadakuli kwa sababu ya mkorogo wa wino. Wenzangu wote waliokwenda Geita miaka ile walikwenda kutafuta dhahabu. Mimi nilikwenda kutafuta jina la Mzungu mmoja aliyekuwa na mwandiko mbaya. Nawasimulia ninyi wa nyumbani Didia mambo yalivyokuwa, maana nimesikia kuna mtu huko anaeleza kwamba nilikamatwa. Sikukamatwa. Nilishikwa mkono tu, na aliyenishika alikuwa mpishi.

Vita kuu ilikuwa imekwisha, na mimi nilikuwa nimepata kazi kwenye kiwanja cha ndege cha Ibadakuli. Nyumbani niliwaambia nafanya kazi ya ndege. Kweli kabisa. Nilikuwa nafukuza mbuzi ndege isije ikawakanyaga, na nilikuwa nafuta vumbi kwenye mabawa. Shule nilisoma mpaka la tatu na nusu, hiyo nusu nyingine bado iko kwa mwalimu. Ndege nilizigusa zote, lakini kupanda sikuwahi kupanda hata moja.

Fundi wetu alikuwa Singasinga mmoja anaitwa Kartar, mtu wa kilemba cheupe ambacho sijui alikuwa anakifanyaje kisishike grisi. Huyu alikuwa na ugonjwa wake. Kila ndege ina kitabu chake, kinaandikwa kila ilipotengenezwa na kila iliporuka, tangu siku ya kuzaliwa. Ukurasa wa kwanza unaandikwa kiwandani, Ulaya, na chini yake anatia sahihi rubani wa kiwanda, yaani yule aliyeirusha mara ya kwanza kabisa kuijaribu. Fundi Kartar kazi yake baada ya kazi ilikuwa kuzisoma hizo sahihi na kutafuta ni za nani. Ndege ikitua, wengine wanakimbilia barua, yeye anakimbilia ukurasa wa kwanza.

Siku moja nilimuuliza faida yake.

"Ndaki," akaniambia, "mimi iko tengeneza, rubani iko rusha, sawa. Lakini huyu ya kwanza ilipanda kitu haijapata kuruka. Kama mtu kiwandani ilisahau bolti moja, nani itajua? Huyu. Peke yake, huko juu. Halafu leo hakuna mtu inajua jina yake. Hii iko haki?"

Nikamwambia si haki. Tangu siku hiyo na mimi nikaugua ugonjwa ule.

Sasa tulikuwa na ndege moja ndogo, mabawa mawili juu, mawili chini, na viti viwili vilivyo wazi, cha mbele na cha nyuma. Ilikuwa imevunjika mguu, Fundi akaitengeneza, ikauzwa Nairobi. Jumamosi rubani angeijaribu hapa kwetu kwa mzunguko mmoja, kisha aondoke nayo moja kwa moja pamoja na kitabu chake. Na sahihi ya ukurasa wa kwanza Fundi ilikuwa imemshinda, mkorogo mtupu. Alikuwa anataka aandike jina chini yake, kwa penseli, kitabu kisije kikaondoka na mtu asiyejulikana ndani yake. Alikuwa amejaribu kila jina la Kizungu analolijua. Hakuna lililokaa.

Rubani mmoja aliyepita akatuambia kule mgodini Geita kuna memsahibu, mke wa injinia wa mitambo, ambaye wakati wa vita alikuwa karani kwenye kiwanda kile kile. Marubani walikuwa wanatia sahihi mezani kwake. Barua isingewahi. Simu ya waya haibebi mkorogo. Fundi akanitazama.

"Veve iko na ndugu Geita?"

"Baba Kulwa, mtoto wa baba mdogo. Anachimba."

"Ukileta jina kabla ya hii ndege kuondoka, Jumamosi unakaa kiti ya mbele."

Lazima niwaeleze kiti cha mbele. Ndege ikijaribiwa, kiti cha mbele wanafunga gunia la mchanga ili uzito ukae sawa. Nikirudi na jina, naruka mimi. Nikirudi bila jina, linaruka gunia. Yaani mtu mzima, mwenye mke, nilikuwa nashindana na mchanga, na mchanga ulikuwa unaongoza.

Jumatano asubuhi nilipanda treni Shinyanga. Ile sahihi Fundi alikuwa ameinakili kwa kuweka karatasi nyembamba juu yake na kuifuata kwa penseli, mstari kwa mstari. Nikaiweka kwenye kopo la tumbaku, kopo nikalifunga kwenye shuka, shuka nikaikalia. Karibu na Malampaka mama mmoja mwenye kuku wawili akaniuliza mbona sinyanyuki hata kunyoosha miguu. Nikamwambia nimekalia Mzungu. Akahama kiti.

Mwanza nililala stesheni, na alfajiri nikapanda gari la kwenda kwenye pantoni, kuvuka ghuba upande wa Busisi. Humo ndani kulikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa Tabora mwenye kanzu safi na maneno mengi. Nikamwonyesha karatasi yangu, kwa sababu nilikuwa siwezi kukaa kimya. Akaigeuza juu, akaigeuza chini, akaiangalia kwa nyuma.

"Hii si Kiarabu," akasema.

"Sikusema ni Kiarabu."

"Nakuhakikishia tu. Kama ingekuwa Kiarabu, mwandishi angekuwa anaandika huku anafukuzwa na nyuki." Akanirudishia. "Na Kizungu pia si Kizungu. Umedanganywa, kijana. Hiyo ni njia ya siafu."

Ng'ambo nikapata lori lililobeba magunia ya mpunga na watu, watu juu ya mpunga. Njia ile ya Sengerema ina mashimo ambayo yana mashimo yao. Kila tukiruka napapasa kopo. Mchana ukapita, vilima vya Geita vikatokea, kijani kibichi tofauti na kwetu, nikaanza kusikia vinu vya kusagia mawe kabla sijaona chochote. Vinanguruma mchana na usiku. Baba Kulwa alinieleza baadaye kwamba siku vikinyamaza watu wanaamka.

Geita jioni ile nilipokelewa vizuri. Mama Kulwa alipika ugali na dagaa, mapacha wake Kulwa na Doto wakanipanda mgongoni, na Baba Kulwa akarudi kutoka chini ya ardhi akiwa mweupe kwa vumbi la mawe kama maiti aliyebadili nia.

"Mwangaluka," nikamsalimu.

"Mwangaluka jioni? Ndege zimekuvuruga." Akakaa. "Haya, umekuja kuchimba?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mkewe.

"Mama Kulwa, umesikia? Mimi nashuka shimoni natafuta mali. Ndugu yangu amesafiri kutoka Shinyanga kutafuta mtu aliyekwisha kuruka zamani na kutua zamani."

"Muache," akasema Mama Kulwa. "Angalau yeye anatafuta juu. Juu kuna hewa."

Ijumaa asubuhi mapema Baba Kulwa alinionyesha nyumba ya memsahibu, yenye bati jekundu na maua mbele, kisha akakimbia zamu yake. Mlango wa jikoni ulikuwa na mpishi, Mzinza mmoja mnene, aproni safi, anajiita Bwana Stefano na anataka na wewe umwite hivyo.

"Shikamoo, Bwana Stefano."

"Marahaba. Sema."

Hapa ndipo ulimi wangu ulipoanza mambo yake. Mnajua sisi Wasukuma, *ra* na *la* kwetu ni mtu na ndugu yake, mmoja akiitwa anakuja yeyote aliye karibu. Nilikusudia kusema namtafuta aliyeruka kwanza. Mdomoni ikatoka namtafuta *aliye Luka* kwanza.

"Luka?" akasema Bwana Stefano. "Kwanza unamtafuta Luka? Ungesema." Akanishika mkono, akanizungusha nyuma ya nyumba mpaka kwa dobi, kijana aliyekuwa anapiga pasi. "Luka, una mgeni. Ametoka Shinyanga kwa ajili yako."

Luka akaweka pasi chini polepole. "Kama ni habari ya yule binti," akasema, "nilishaongea na baba yake."

"Hapana. Natafuta aliyeluka."

"Ndiye mimi."

"Aliyeluka na ndege."

"Mimi sijawahi kwenda popote na ndege," akasema Luka, na sasa alikuwa anatafuta njia kwa macho. "Wala na huyo binti sikwenda popote."

Nikafungua mikono kama mabawa, nikazunguka uani nikinguruma. Memsahibu alitoka kibarazani wakati huo huo. Alikuwa mama mwembamba wa mvi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Akaniona mtu mzima nazunguka mti wa mpera nikipiga kelele za injini.

"Stefano, hii mutu nataka nini?"

Bwana Stefano akasema hajui, anafikiri ni mgonjwa. Mimi nikasimama, nikavua kofia, nikafungua shuka, nikafungua kopo, nikampa karatasi kwa mikono miwili. Akavaa miwani.

Nataka mnielewe hapa. Safari nzima ilikuwa ndani ya ile karatasi. Kama angetikisa kichwa, basi gunia limeruka. Nilikuwa namtazama usoni kama mtu anayesubiri mvua. Kwanza hakuna kitu. Halafu mdomo ukapanda upande mmoja. Halafu akakaa kwenye ngazi, palepale, kwenye vumbi, akacheka mpaka miwani ikadondoka.

"Hii mimi jua," akasema. "Hii kila siku nakuja mesa yangu. Viatu na tope, mikono na glavu. Mimi nasema, toa glavu, andika muzuri. Yeye hapana sikia. Yeye nataka chai tu. Naandika hivi, simama, na glavu, halafu kimbia."

Kumbe ndiyo siri ya mkorogo wote. Mtu ametoka angani na ndege mpya, ametua mzima, na chai inapoa.

"Alianguka?" nikauliza, maana nilikuwa nimeanza kumpenda.

"Anguka? Hapana. Ndege mingi sana yeye naanza, hapana anguka hata moja. Sasa naishi shamba. Nafuga kuku."

Hapo na mimi nikakaa kwenye vumbi. Mwanamume ambaye Fundi Kartar anamheshimu kama mtume, anayewasha moto kwenye vyuma visivyojulikana, sasa anakimbiza kuku kama mama yangu. Sijui kwa nini ilinifurahisha vile. Luka dobi naye akacheka, nadhani kwa kupumua tu.

Memsahibu akalitaja jina. Akalitaja mara ya pili polepole, akachukua kalamu aniandikie. Bwana Stefano akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na sufuria, "Muandikie, memsahibu. Hawa wa ng'ombe wanasaini kwa kidole gumba."

Ndugu zangu, la tatu na nusu likanipanda kichwani. Nikasema asante, memsahibu, mimi naandika mwenyewe, nimesoma. Nikachukua kalamu, nikaweka karatasi juu ya goti, nikaandika kwa herufi kubwa kama nilivyosikia, na kama ninavyotamka. Nikaipuliza wino ukakauka. Nikamwangalia Bwana Stefano. Yeye akarudi kwenye sufuria zake. Nikaondoka Geita nikiwa mtu mkubwa kuliko nilivyoingia, bila kusubiri hata chai.

Kurudi kulikuwa mbio. Lori la pamba mpaka Busisi, na pale pantoni imejaa ng'ombe wa mtu anayehamia upande wa pili, na ng'ombe mmoja, dume jeusi, ameamua kwamba hahami. Tulimsukuma sote, abiria na mabaharia, mimi nikiwa kwenye mkia. Nilimwambia kwa Kisukuma kwamba kuna gunia linanisubiri, akakubali. Treni ya usiku nikaipata inaanza kutembea. Jumamosi jua likichomoza nilishuka Shinyanga, nikaenda Ibadakuli kwa miguu, nusu nakimbia, nusu nasema nitakimbia baadaye.

Ibadakuli nilifika injini inawaka. Ile ndege imetolewa nje, inatetemeka kama mbwa aliyetoka majini. Rubani, Mzungu kijana mwenye masharubu aliyokuwa bado anayangojea, anavaa glavu. Na kiti cha mbele limekaa gunia, limefungwa mikanda, limenyooka, lina heshima kuliko mimi.

"Fundi! Jina ninalo."

Fundi Kartar akaja mbio, kilemba mbele, kitabu cha ndege kwapani. Akachukua karatasi. Akaisoma. Akaigeuza, akaisoma tena.

"Ndaki. Hii iko jina ama iko amri?"

Nilikuwa nimeandika LALI LOLI.

"Jina."

"'Lala lori'? Mtu nani inaitwa lala lori?"

"Ndivyo alivyosema memsahibu. Lali Loli."

"Sema tena. Ni *la* ama *ra*?"

"*La*," nikasema. Halafu nikasema, "Au *la*."

Akafumba macho. Rubani akapiga kelele kwamba injini inapata joto kupita kiasi, yeye hawezi kungoja, anatakiwa Nairobi. Mimi nikajiona nikirudi kwa mbuzi wangu. Nilikuwa nimelifikisha jina kutoka Geita mpaka hapa, nalo limemwagika kwenye ulimi wangu mwenyewe, na lile gunia naapa lilikuwa linanitazama.

"Fundi, fungua kitabu," nikamwambia. "Mimi sauti yangu imeharibika, lakini mkono wa yule mtu haukuharibika. Jina liko humo. Tuivalishe sahihi yake hilo jina, tuone kama linaikaa."

Tukachuchumaa nyuma ya bawa, upepo wa panga la injini unatupiga, Fundi ameshika kurasa kwa viwiko. Akaniambia *la* ya Kizungu ni kijiti kirefu, na *ra* ndogo ni fupi, haifiki popote. Mimi kusoma mwandiko wa Ulaya sijui, lakini matuta nayajua, nimelima.

"Neno la kwanza linaanza na kirefu," nikasema. "Hiki hapa, kama mti umesimama na kupiga mguu mbele. Katikati, ona, hakuna kirefu hata kimoja. Matuta tu, mafupi, mpaka mkia."

"L mwanzo," akasema Fundi. "R mbili katikati. Larry." Sauti yake ikapanda. "Ya pili."

"La pili mwanzo lina tumbo na mguu unapiga teke."

"R. Hii iko R."

"Na katikati kuna virefu viwili vimesimama pamoja, kama yangeyange wawili mgongoni kwa ng'ombe."

Kidole cha Fundi kikaifuata sahihi kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kila herufi ilikuwa mahali pake, mtu amesimama na tope viatuni na glavu mkononi, chai inamsubiri. "Larry Rolley," akasema. Akatoa penseli nyuma ya sikio, akailowesha kwa ulimi, akaandika chini yake, polepole, kwa mwandiko mzuri ambao ungeweza kusomwa na mbuzi.

"Sasa anafuga kuku," nikamwambia.

"Nani?"

"Huyo."

Fundi Kartar alicheka mpaka ikabidi ashike bawa. Kisha akaenda akafungua mikanda, akalitupa gunia chini kwa mikono yake mwenyewe, na mimi nikapanda.

Rubani akanitazama, akasema neno kwa Fundi. Fundi akaona haya kunitafsiria. Nilikuwa mwepesi mno. Uzito haukutosha. Kwa hiyo wakaleta mfuko mdogo wa mchanga wakaniwekea mapajani, na hivyo ndivyo nilivyoruka mara yangu ya kwanza, nimempakata mtoto wa adui yangu.

Juu, Ibadakuli ilikuwa mabati machache tu yanayong'aa. Mashamba ya pamba yakawa mikeka. Yale mawe makubwa yetu yanayotisha ukiwa chini yakawa kokoto zilizomwagwa na mtu mwenye haraka. Ng'ombe wakawa nukta, na kila nukta ilikuwa na kivuli chake kinachoifuata kwa uaminifu. Upepo ulinichukua kofia, wala sikuidai. Nilikuwa naimba, sijui nini, Kisukuma, kanisani, vyote. Nikafikiria huyu Rolley alivyokaa peke yake kwenye ndege hii hii siku ambayo hakuna aliyejua kama itaruka, na mimi mchanga umo mapajani na ndege imesharuka mara maelfu, bado nimeukumbatia kwa mikono miwili.

Kutua ndiko kulikuwa na jambo. Tukashuka, tukashuka, halafu rubani akaivuta ghafla tukapanda tena. Nikachungulia. Mbuzi. Uwanja umejaa mbuzi, na mfukuza mbuzi yuko angani. Tulizunguka. Chini nilimwona Fundi Kartar anakimbia, kilemba mkononi anakipunga kama bendera, mbuzi wanamkwepa kwa mazoea ya miaka niliyowafundisha mimi. Nilijaribu kupaza sauti kwamba yule mweupe ndiye mkubwa wao, mfukuze yule kwanza, lakini injini haikuruhusu. Tulizunguka tena. Tukatua.

Niliyojifunza ni machache na nitayasema bila kuyapamba. Kila kitu kinachoruka kilirushwa na mtu mara ya kwanza, na mtu huyo mara nyingi alikuwa na njaa. Kuwa na jina mdomoni si kuwa nalo. Na ukipewa kalamu na mtu anayejua, muachie kalamu yake, hata kama mpishi anakutazama.

Kabla rubani hajaondoka kwenda Nairobi ilibidi aandike kwenye kitabu kwamba ndege imejaribiwa na imeruka vizuri, kisha atie sahihi. Akakiweka kitabu juu ya bawa, glavu mkononi, injini inamngoja. Nikamgusa kiwiko. Fundi akakodoa macho.

"Bwana," nikamwambia, "samahani. Vua glavu."

Fundi akamtafsiria. Rubani akanitazama, akamtazama Fundi, akavua glavu, akaandika jina lake lote kwa herufi za kusomeka moja moja. Mimi nikalisoma kwa sauti, lote, palepale. Nadhani nilikosea *ra* moja. Yeye akasema ndilo hilo hilo.